Mashine Iliyokataa Mashati

Idara ya Ubunifu, Chumba Namba 14
Kiwanda cha Sabuni
6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mafundi wote hapo kwenye ushonaji, pamoja na mama, ambaye najua utamsomea, kwa hiyo namsalimu humu humu. Mimi sijambo. Mafua yamekwisha. Ninakula vizuri, mwambie mama aache kuuliza.

Sasa keti chini, nina habari. Unajua nilikuwa upande wa upakiaji, nabeba katoni za sabuni ya unga kutoka kwenye mkanda hadi kwenye malori. Nimetolewa huko. Kiwanda kimeanzisha Idara ya Ubunifu, na kati ya wafanyakazi wote wamechaguliwa wanne, mimi nikiwamo. Tuna meza ndefu, feni, na viti vinavyozunguka. Saa mbili asubuhi tunaingia na kufikiri, saa kumi na moja jioni tunatoka. Kuna Daftari la Mawazo, na kabla ya kwenda nyumbani kila mmoja lazima aandike wazo moja na kutia sahihi. Mwenzangu mmoja ameandika "tuongezewe feni" siku sita mfululizo, na Mkuu wa Idara ameandika pembeni "linafikiriwa."

Nilichaguliwa kwa sababu ya mashine niliyokutengenezea likizo iliyopita, Nyoosha Haraka Namba Moja. Niliwaeleza yote: mbao mbili zinazofunguka kama kitabu, bamba la chuma, trei ya makaa juu yake, mtu anakanyaga chini na shati zima linanyooka kwa pigo moja. Mkuu alisimama kutoka kwenye kiti chake.

Lakini tuko kwenye majaribio mpaka tarehe 31 Julai. Kila mmoja lazima alete ubunifu mmoja uliothibitishwa kuwa unatumika huko nje kwa watu, na barua ya mtumiaji kama ushahidi. Asiyeleta anarudi alikotoka. Shangazi, mgongo wangu unakumbuka nilikotoka.

Kwa hiyo naomba barua fupi tu ya kuthibitisha kwamba mashine inafanya kazi na inanyoosha mashati mangapi kwa siku. Andika ukweli wako. Mimi nilikadiria mia mbili.

Mwanao

---

27 Februari

Baba yangu,

Marahaba. Nakuita baba kwa kuwa umebeba jina la baba yangu, sina budi hata siku unaponiudhi. Huku hatujambo. Goti la mama yako limepungua uvimbe, ila sasa amepata sababu ya kutonisaidia kufagia. Paa linavuja upande wa vitambaa vyeusi, tumeweka ndoo tatu, moja ina tundu. Fundi Kimya amezungumza wiki hii, mara mbili. Mara ya kwanza alisema "mkasi," mara ya pili akasema "si huo."

Mama Chumvi wa hapo ng'ambo ya barabara anakusalimu sana. Bado anauza chumvi yake ya kupima, na sukari, na sabuni ya unga mnayotengeneza huko kwenu. Biashara yake ni nzuri siku hizi.

Tumefurahi kwa cheo chako. Mama yako ametangaza mpaka kwa watu wasiouliza. Kiti kikizunguka sana usije ukaanguka.

Mashine haijambo. Inakusalimu.

Barua ya ushuhuda nitaiandika nikipata kalamu nzuri, hizi za dukani zinakwaruza.

Kitu kimoja. Ile cherehani yangu ya zamani, iliyokuwa stoo chini ya magunia, nimeitoa nimpe binti mmoja ajifunzie. Nimekuta haina pedeli. Unajua lolote?

Shangazi yako

---

Idara ya Ubunifu, Chumba Namba 14
20 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Poleni na paa, na mpe mama pole ya goti. Mimi ni mzima.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeandika mistari minne kuhusu ndoo na Fundi Kimya, na mstari mmoja kuhusu mashine, tena huo unasema inanisalimu. Mkuu wa Idara ameniuliza kama barua imefika. Nikamwambia imefika. Akaniuliza inasemaje. Nikamwambia inasema mashine haijambo. Akafurahi, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika ukutani: MASHATI 200 KWA SIKU. Iko juu ya kiti changu na haifutiki.

Jana wazo langu kwenye Daftari lilikuwa "kuharakisha posta."

Naambatanisha kalamu. Haikwaruzi, nimeijaribu.

Mwanao

Nyongeza: Kuhusu pedeli, nitakumbuka vizuri nikipata nafasi.

---

15 Aprili

Baba yangu,

Marahaba. Sote wazima. Mama yako alitaka nikupigie simu badala ya kuandika, nikakataa. Kwenye simu utaniambia mtandao mbaya. Barua haina mtandao mbaya.

Kalamu nimeipata na ni nzuri kweli, kwa hiyo sina tena pa kujificha.

Mashine yako hainyooshi mashati. Ilijaribu wiki moja. Tuliwasha makaa kama ulivyoelekeza, nikaweka shati, nikakanyaga. Bamba likapinda kwa joto, likawa linagusa kwa ukingo wa mbele tu, na ule ukingo, baba yangu, unauma. Shati likatoka limekunjamana vilevile, ila lina mstari wa kahawia umepita kifuani, umenyooka kama umepigwa rula. Nikasema labda ni bahati mbaya. Kufikia mashati kumi na mawili nikakubali kwamba si bahati mbaya.

Yalikuwa mashati ya kampuni ya walinzi. Sikulala. Asubuhi nikashona utepe mwekundu juu ya kila mstari, nikayapeleka huku nimekaza uso. Msimamizi wao akayatazama muda mrefu, akaniuliza, "Huu utepe ni wa vyeo?" Nikasema ndiyo. Hivi sasa nashona utepe kwa walinzi wote waliobaki, na kuna wawili wameacha kusalimiana kwa sababu mmoja ana tepe mbili.

Nilikuwa nimeshaamua kuitupa mashine uani. Kisha siku moja Fundi Kimya akakosea. Unajua shati likikamilika tunalitia kwenye mfuko wa plastiki. Yeye akachukua lililokwisha kutiwa mfukoni akaliweka kwenye mashine kwa mazoea, na mdomo wa mfuko ukawa umelala pale pale kwenye ukingo. Akakanyaga. Mfuko ukajifunga. Haukuungua, haukutoboka, ulijifunga kama vitu vinavyotoka viwandani.

Mama Chumvi alikuwa mlangoni, amekuja kuazima sindano. Akauchukua ule mfuko, akauvuta kwa mikono, akauvuta kwa meno. Akaukata mdomo kwa mkasi, akatoa shati langu, akatia maji humo, akamwambia Fundi Kimya, "Ufunge tena." Ukafungwa. Akaugeuza juu chini na kuutikisa juu ya kichwa cha mama yako. Haikudondoka hata tone.

Akatutazama sote, akasema, "Nyinyi mna akili kweli? Kitu hiki mnapigia pasi?"

Wewe umemjua tangu utoto. Maisha yake yote anafunga chumvi kwa fundo, kila fundo kwa meno, na mvua zikija nusu ya chumvi inageuka maji kabla haijafika jikoni kwa mtu. Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni na gunia. Wiki iliyofuata walikuja wenzake wa sukari na wa maharage. Sasa nafungua mlango nakuta foleni, na mafundi wangu wanashona wakiwa wamebanwa ukutani. Sabuni yenu pia Mama Chumvi anaifunga, vipakiti vya kufulia mara moja tu. Mtu asiyeweza kununua katoni ananunua kafuo kamoja, anakwenda zake ameridhika.

Kwa hiyo jibu la swali lako: mashati kwa siku, hakuna. Mifuko sijahesabu. Nikuandikie barua inayosema nini?

Shangazi yako

---

Idara ya Ubunifu
2 Mei

Shangazi,

Shikamoo.

Nimepokea barua yako. Nasikitika kwamba Nyoosha Haraka Namba Moja imetumika kinyume cha maelekezo. Mashine ile ni ya mashati. Nilichora michoro tisa, na hakuna hata mmoja wenye chumvi.

Naomba yafuatayo: bamba linyooshwe, foleni iondolewe, na Mama Chumvi aelezwe kwa heshima kwamba hiki ni chombo cha kitaalamu. Baada ya hapo jaribuni tena mashati. Naomba pia kujua kama kuna mtu ameiiga.

Msalimie mama.

Mwanao

---

24 Mei

Baba yangu,

Marahaba, ingawa salamu yako ilikuwa fupi kama ya mtu anayedai. Mama yako amekasirika kwamba umemsalimu mwishoni. Mimi nimekasirika kwa mengine, nitayasema yote, na nitayasema kwa kalamu yako mwenyewe.

Unauliza kama kuna mtu ameiiga. Mchomeleaji wa hapo kona ametengeneza saba. Ya saba imeondoka jana kwa basi kwenda mji ambao mimi sijawahi kufika. Yake ni nyepesi kuliko yako, nisamehe. Alikuja hapa, akaiangalia, akaniuliza, "Huu mzigo wote wa juu unafanya nini?" Nikamwambia haufanyi kitu. Akaondoa bamba lote akabakiza ukingo tu. Ulichokiona wewe kuwa kosa, yeye ndicho alichokiacha.

Mwanzoni plastiki ilikuwa inaganda kwenye chuma. Fundi Kimya akavisha ule ukingo kitambaa cha pamba, haijaganda tena. Hakumwambia mtu, tulikuta kimeshavaliwa. Mama Chumvi ndiye aliyejua muda: unakanyaga, unahesabu moja mbili tatu, unaachia. Ukifika nne umetoboa. Alijifunza kwa kutoboa, na chumvi ilimwagika yake. Mama yako, na goti lake, ndiye aliyesema kiti kiwekwe ili mtu akanyage akiwa amekaa. Mimi nilitoa chumba na uvumilivu, na vyote viwili vinakaribia kwisha.

Na kabla yenu nyote kulikuwa na pedeli. Unafikiri siijui pedeli yangu? Nimeikanyaga miaka kumi na tisa. Imepakwa rangi ya kijani, lakini upande wa kulia imelika kwa kisigino changu. Ungeniomba ningekupa. Uliichukua, ukaipaka rangi, ukaandika jina la mashine juu yake.

Sasa niambie, mashine hii ni ya nani?

Usidhani nakudharau. Bila wewe tungekuwa bado tunafunga mafundo kwa meno. Lakini ulitengeneza kitu, ukaondoka, ukataka kikae vile vile ulivyokiacha na watu wapange foleni kukusifu. Watu hawako hivyo. Mtu akipewa kitu anakigeuza mpaka kimfae, na asipokigeuza ujue hakitumii. Barua ya ushuhuda nitakuandikia siku yoyote ukitaka ya kweli. Ya mashati mia mbili sitaandika, hata ukituma kalamu ya dhahabu.

Nakupenda, na nimekukasirikia, yote mawili leo hii.

Shangazi yako

---

Idara ya Ubunifu
30 Juni

Shangazi mpendwa, na mama mpendwa ambaye leo namsalimu mwanzoni,

Shikamooni. Natumaini goti halijambo na paa limezibwa. Nimekaa mwezi mzima bila kuandika. Siku tano za mwanzo nilikuwa nimenuna. Siku zilizobaki nilikuwa na aibu.

Pedeli niliichukua mimi. Ulikuwa umelala mchana. Niliipaka rangi nikijua kabisa kwa nini naipaka. Naomba radhi, shangazi. Na nikiwa bado na ujasiri niseme na la pili: wazo lenyewe la kunyoosha kwa kubana sikulibuni. Niliwahi kupeleka katoni kwenye dobi la hoteli moja, nikaona mashine kubwa inafanya hivyo kwa mvuke. Nikasema mimi nitafanya kwa makaa. Kwa hiyo ukitoa pedeli yako na wazo la hoteli, sijui kilichobaki changu ni nini. Labda springi. Ile springi inayoinua ubao wa juu niliihangaikia usiku na mchana, niliichoma na kuipoza kwenye mafuta mara kumi na nne. Lakini nani anasifu springi.

Sasa nisikilize, nina jambo zito. Nimeandika ripoti mpya, ya kweli. Nimeeleza ukingo, kitambaa, kuhesabu mpaka tatu, na vipakiti vya kufulia mara moja. Fomu ina mstari wa "Jina la mbunifu," na chini yake maandishi madogo, "moja tu." Nimebana majina sita kwenye mstari huo, na langu ni la nne.

Iko kwenye droo. Ninaogopa kuipeleka. Mkuu akiisoma haoni mashine, anaona vipakiti. Kiwanda kina mashine kubwa za kufunga, kinaweza kutoa vipakiti vya sabuni kwa maelfu kwa siku moja, na Mama Chumvi na wenzake watabaki na magunia yao. Nisipoipeleka, tarehe 31 Julai narudi kubeba katoni.

Niipeleke au nisiipeleke? Muulizeni mwenyewe Mama Chumvi. Nijibuni upesi, naomba sana. Nitasubiri barua yenu.

Mwanao

---

20 Julai

Baba yangu,

Marahaba. Barua yako imekaa posta siku kumi na mbili kwa sababu karani alikuwa na harusi ya dadake. Nimemsema mpaka akanipa kiti. Kwa hiyo najibu leo leo, salamu utazipata kwa barua nyingine.

Nimemsomea Mama Chumvi mbele ya foleni nzima. Alisikiliza huku anakanyaga, hakuacha kuhesabu. Nilipomaliza akauliza, "Kwani huko kubeba katoni ni kazi ya namna gani?" Mama yako akamweleza ule mgongo wako ulivyokuja likizo, hukuweza kujifunga viatu. Mama Chumvi akasahau kuhesabu, mfuko ukatoboka, akaifuta meza kwa kiganja.

Akasema, "Mwambie apeleke. Asirudi kuvunjika mgongo kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nauza kabla ya mashine, nitauza na baada yake."

Peleka, baba. Nami pedeli nimekusamehe tangu uliposema "niliichukua mimi." Nilikuwa nalingoja neno hilo tu.

Barua ya ushuhuda iko ndani ya bahasha hii. Sote tumetia sahihi. Ile alama isiyosomeka ni ya Fundi Kimya.

Shangazi yako

---

16 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi mzima sana, nalala mapema, nakula mara tatu.

Barua yako na ile ya ushuhuda zilifika tarehe 5. Ahsanteni. Nimeziweka chini ya mto.

Mambo kazini si mabaya. Nimehamishwa, niko karibu zaidi na bidhaa. Kuna hewa nyingi. Mkuu wa Idara naye amepanda cheo. Alipitia Daftari la Mawazo, akakuta mwezi wa Aprili, siku niliyopata barua yako, niliandika kwa hasira "watu wanataka sabuni ya kufua mara moja tu," nikatia sahihi. Wazo limeendelezwa. Kwenye karatasi ya mwisho kuna jina moja, si langu.

Vipakiti vitaanza kutoka wiki ijayo. Mwambie Mama Chumvi mimi ripoti sikuipeleka. Naomba anisadiki. Nilikuwa na neno moja kwenye daftari, nikalisahau.

Huku joto limepungua.

Mwanao

---

8 Septemba

Baba yangu,

Marahaba. Tuko salama. Paa limezibwa, sasa linavuja upande wa vitambaa vyeupe.

Unaandika kwamba kuna hewa nyingi. Barua zako zote zilikuwa kwenye karatasi yenye jina la idara. Hii umeandika nyuma ya fomu ya upakiaji, na nikiigeuza nasoma: lori namba tatu, katoni mia nne na arobaini, sahihi yako. Mama yako ameigeuza pia. Alilia kidogo, kisha akakasirikia posta, na hapo nikajua hajambo.

Kwa hiyo uliifungia ripoti kwenye droo ukarudi kubeba katoni kwa ajili yetu, na barua ya kukwambia usifanye hivyo ilikuwa imelala mezani kwa karani. Sina la kusema juu ya hilo ila kwamba nimejivunia kuliko siku ile ya kiti kinachozunguka. Nimemwambia Mama Chumvi. Amefunga duka nusu saa, na yeye hakulifunga hata alipofiwa.

Vipakiti vyenu vimefika. Ni vizuri, vinang'aa, vina picha ya mwanamke anayezichekea nguo. Siku mbili za kwanza hakuna aliyenunua sabuni kwetu, na kina mama walikaa hapa wametazama chini. Siku ya tatu Mama Chumvi akanunua kimoja, akakifungua, akamimina kwenye sahani. Akasema, "Aliyepima hii hajawahi kufua soksi." Kwa kuwa kinatosha beseni zima, baba, na nani anafua beseni zima kila siku? Akakigawa mara tatu, akavifunga upya, vikaisha kabla ya saa sita. Siku hizi ananunua vipakiti vyenu kwa katoni. Mkuu wako atadhani ni yeye anayevifanya viuzike hivi huku kwetu.

Sasa yaliyonifanya niandike. Mashine za mchomeleaji zimeanza kuchoka. Springi zake zinalegea kwa joto, mwezi mmoja tu, ukingo hauinuki kwa wakati, mtu anahesabu tatu lakini chuma kinahesabu sita, mifuko yote inatoboka. Amebadilisha springi za kila aina. Ya kwako ile ya kwanza ilikuwa bado inaruka kama siku ulipoifunga. Juzi akaifungua ajue siri yake, na sasa hawezi kuirudisha. Tumekaa kikao hapa ndani, watu ishirini na wawili, mafundi wangu wakiwa juu ya meza. Wamebishana saa mbili. Mwisho Fundi Kimya akasema, "Aitwe mwenyewe."

Hakuna aliyeuliza mwenyewe ni nani.

Mchomeleaji amesafisha nusu ya banda lake. Kazi ya springi ipo ya kutosha, mashine zake ziko miji minne sasa na zote zinachoka. Hakuna kiti kinachozunguka. Sitakushawishi, una akili yako na una mgongo wako. Nijibu tu ndiyo au hapana, na usipambe.

Shangazi yako

---

25 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Ndiyo. Nimeaga leo, nafika Jumapili na basi la asubuhi; barua hii nimempa dereva wa basi la leo, posta ingenichelewesha.

Ila mwambieni mchomeleaji asiiguse ile springi mpaka nifike.

Mwanao